Keki Kubwa Ni ya Shangazi

Ōtāhuhu, Auckland
9 Machi

Shangazi Sulieti,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana ukiisoma umesimama utaunguza kitu. Sisi huku wazima. Baba anakusalimu kutoka chumba cha pili. Nilipomwambia nakuandikia wewe, alitoka sebuleni palepale kwa heshima, utadhani dada yake amepiga hodi mwenyewe na kaka lazima ampishe chumba. Mama amewekwa mstari wa mbele kwenye kwaya na sasa anaimba hata akiosha vyombo.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ulisema simu ni ya wateja, mambo ya ukoo yaje kwa karatasi. Lesieli, msafiri wetu wa kila mwezi, anarudi Neiafu Jumatano, nitampa yeye.

Kwanza la kazi. Watoto wetu wa Kitonga wa huku, na wa Sydney na Brisbane, siku hizi hawaagizi keki wenyewe. Mtu anaiambia simu yake, "Dada yangu ana sherehe huko Leimatuʻa, mtafutie keki," kisha anaendelea na chai yake. Ndani ya simu mna wakala, akili mnemba, ambaye ndiye anayezunguka mtandaoni akatafuta duka, akachagua na kuagiza. Wakala huyo hajawahi kuiona Vavaʻu wala kula keki. Kila duka lina zana yake ya kuagizia mtandaoni, na anachokijua ni maelezo tuliyomwandikia tu: zana hii ni ya duka gani, inafanya nini, haifanyi nini, na kila nafasi ijazwe nini. Kazi yangu ndiyo hiyo, kuandika maelezo. Ofisi yetu imepewa maduka ya visiwani, nami nimeliomba lako. Kwa hiyo nieleze duka lako kama unamweleza mgeni mwenye bidii sana asiyejua lolote.

La pili ni dogo. Naolewa. Harusi ni Desemba, hukohuko Neiafu, na nakuomba ukae mbele kama fahu wangu. Kijana ni wa Vavaʻu, mpole, anaenda kanisani, na ana meno yote.

Mwanao,
ʻAkosita


Neiafu, Vavaʻu
2 Aprili

Mwanangu ʻAkosita,

Marahaba. Imenikuta nimesimama, na nimeunguza trei nzima.

Huku hatujambo. Viazi vikuu vya mwaka huu vimetoka vinene hivi kwamba mume wangu, mzee huyu, anavipiga picha na kuwaonyesha watu wa kanisani. Goti lake bado linamsumbua mvua ikikaribia. Mwambie baba yako nimepokea salamu zake, na anaweza kurudi sebuleni.

Kuhusu duka, andika hivi. Keki za Sulieti ni tamu kuliko zote Vavaʻu. Zina siagi ya kweli. Mtu akionja ile ya ghorofa tatu machozi yanamtoka. Andika kwamba mchungaji aliomba kipande cha pili katikati ya hotuba yake mwenyewe. Andika pia kwamba barabara ya chini kuna duka jingine, la mwanamke anayeitwa Telesia, na wakala mwenye akili timamu atalipita bila kugeuza shingo.

Huyo Telesia labda humkumbuki. Ni yule aliyekula keki yangu kwenye sherehe ya kanisa, watu wote wakimtazama, akatafuna, akameza kwa shida ya kujitia, kisha akasema kwa sauti, "Jamani, chai ipo?" Ukumbi mzima ukaelewa kwamba keki yangu ni kavu. Haikuwa kavu. Tangu siku ile hatusalimiani, na ni miaka sasa.

Halafu eti la pili ni dogo! Mimi ni dada wa baba yako. Katika kila jambo lako la maisha, wa kukaa mbele ni mimi, mikeka mizuri inaletwa kwangu, na keki kubwa ni yangu. Si kwamba napenda keki, nimezichoka tangu asubuhi. Ndivyo tulivyo. Harusi isiyo na fahu ni watu waliovaa vizuri tu. Sasa wewe unanitangazia harusi kwa mistari mitatu, na mmojawapo umeutumia kwa meno. Kijana hana jina? Hana mama? Mimi sikai mbele kwa ajili ya mtu nisiyemjua. Nijibu hilo, nami nitakujibu la kwangu.

Shangazi yako,
Sulieti


Ōtāhuhu
24 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa trei. Baba amecheka mpaka akakohoa, kisha akaomba radhi kwa kucheka. Mama anasema umtumie mbegu za ile mboga yako yenye majani mapana, uzifiche vizuri, watu wa uwanja wa ndege huku hawana utani.

Maelezo ya duka lako nimeyaandika. Usikasirike, sifa zote nimezitoa. Wakala hana ulimi. Kila duka linamwambia kwamba lenyewe ndilo tamu kuliko yote, kwa hiyo sentensi hiyo inampita kama upepo. Anachotaka ni kujua lini aje kwako na lini asije. Nimeandika hivi:

"Zana hii huagiza keki za sherehe kutoka duka la Sulieti, Neiafu. Itumie mteja anapotaka keki ipelekwe popote kwenye kisiwa kikuu cha Vavaʻu. Usiitumie kwa visiwa vya mbali, kwa sababu keki huharibika kwenye mashua ndogo. Duka haliuzi keki Jumapili. Halitengenezi keki za krimu laini, kwa sababu ya joto. Nafasi ya kwanza: andika jina la anayepewa keki. Jina hilo litaandikwa juu ya keki, na keki itapelekwa kwake. Ukikosa jambo, usikisie, muulize mteja."

Hiyo sentensi ya mwisho ni yangu mwenyewe. Naitia kwenye kila maelezo ninayoandika, mpaka wenzangu wameniimbia siku ya kuzaliwa kwangu. Mawakala hawa, Shangazi, ugonjwa wao ni kuona aibu kuuliza. Ukiwaachia pengo wanalijaza kwa chochote kilicho karibu.

Kuhusu kijana: jina analo. Mama pia anaye, na mama yake ana afya nzuri sana. Mvua huku imepungua.

Mwanao,
ʻAkosita


Neiafu
30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikwama Nukuʻalofa kwa jamaa wa Lesieli aliyeisahau mfukoni, akaifua pamoja na suruali. Nimeianika juani na kuisoma kwa subira. Mbegu zipo, nimezishonea ndani ya mto.

Nilikuomba unisifu, ukaenda kuutangazia ulimwengu mambo ninayoyashindwa! Nilinuna siku nzima. Halafu nikaona kwamba yale maagizo ya visiwa vya mbali yamekoma, hakuna tena anayenitukana kwamba keki imefika Hunga ikiwa uji, na Jumapili simu imelala. Basi nimenyamaza. Usinifanye niseme zaidi ya hapo.

Ila, ʻAkosita, umetuletea kichekesho hapa mjini!

Kijana mmoja aliyeko Sydney alimwagizia dada yake keki ya kutimiza miaka ishirini na mmoja. Wakala akamuuliza kama ulivyomfundisha: nani anapewa keki? Kijana amelelewa vizuri, akajibu kama ambavyo Mtonga yeyote angejibu: anapewa shangazi yetu, Fifita wa Leimatuʻa. Mimi agizo likanifikia limeandikwa Fifita. Nikaandika kwa krimu nyekundu, "Hongera Fifita, Miaka 21." Fifita ni bibi kizee, hana jino la nyuma hata moja. Nikasema labda ni utani wa ukoo wao. Keki ikapelekwa nyumbani kwake. Akaipokea, akamshukuru Mungu, akawaita wanawake wenzake wa kanisa, wakaimaliza sherehe hata haijaanza. Binti wa watu akakaa mezani na mapambo na ndizi.

Mama wa binti akaenda kuuliza kwa adabu. Fifita akamtazama kutoka kwenye mkeka wake. "Kwani keki ni ya nani?" akasema. Nani wa kumjibu? Ni shangazi.

Na si huyo peke yake. Imekuwa hivyo Toula, imekuwa hivyo hapa karibu na bandari, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu waliopokea ni mashangazi na waliokosa hawana mdomo wa kusema. Mimi nilikuwa nashangaa tu kwa nini wazee wa kike wananisalimia kwa furaha namna ile. Mmoja ameniuliza kama wiki ijayo ipo nyingine.

Rekebisha. Lakini usiharakishe sana, kuna binamu yangu bado hajapata.

Jina la kijana sijaliona. Nimegeuza karatasi upande wa nyuma, halipo. Desemba nina kazi nyingi, sijui kama nitapata nafasi ya kukaa popote.

Shangazi yako,
Sulieti


Ōtāhuhu
17 Juni

Shangazi wangu,

Shikamoo nyingi. Niliisoma barua yako kazini, kwa sauti, na bosi wangu ilibidi atoke nje akashike ukuta. Ukuta wa ofisi sasa umebandikwa karatasi: KWANI KEKI NI YA NANI?

Kosa ni langu. Kiolezo nilikichukua kutoka duka la maua la hapa Auckland, ambako anayepewa ua ndiye mwenye siku yake. Mimi mtoto wa Kitonga, niliyeona keki zikipita juu ya kichwa changu kwenda kwa mashangazi tangu nikiwa na meno ya maziwa, nikaandika bila kufikiri! Nimebadilisha. Sasa nafasi ni tatu. Ya kwanza ni anayesherehekewa, jina lake ndilo la juu ya keki. Ya pili ni mahali pa sherehe, na keki inapelekwa hapo. Ya tatu ni fahu: "Huyu hupewa keki baada ya sherehe, mbele ya watu, kwa mikono ya ukoo. Usipeleke keki nyumbani kwake." Na nafasi hiyo nimeifanya ya lazima, haiachwi wazi, ili asisahaulike shangazi wa mtu yeyote. Mwambie binamu yako pole.

Shangazi, usinitishe na Desemba. Nikiingia ukumbini nikaona mkeka wako pale mbele hauna mtu, nitalia mpaka nguo ichuje. Nani mwingine atakaa pale? Baba hana dada mwingine. Kuhusu kijana nitakuandikia, kweli nitakuandikia. Ngoja nimalize maelezo ya maduka mengine kwanza, nimelemewa.

Mwanao anayekupenda,
ʻAkosita


Neiafu
11 Agosti

ʻAkosita,

Marahaba. Goti la mzee limepoa. Nyangumi wamefika, na wazungu wa mashua za starehe wamejaa bandarini, wanatembea pekupeku mpaka benki.

Nina mambo matatu.

La kwanza. Mume na mke wa mashua moja walitaka keki ya kukumbuka ndoa yao. Wakala wao akakuta ile nafasi yako ya lazima. Fahu? Hao watu hawana fahu, maskini, hawana hata anayewakalia mbele. Wakala hakuuliza. Akatazama huku na huku, jina la mwanamke aliloliona ni la duka, akajaza: Sulieti. Sasa agizo limenifikia, linasema fahu ni mimi, na maelezo yako yanasema fahu anapewa keki mbele ya watu. Mimi ni nani nimkatalie mteja? Nikafunga mkeka wangu mzuri kiunoni, vazi letu la heshima, nikajipaka mafuta, mzee akanipeleka kwa boti ya mota, mimi na keki yao mapajani.

Walinikaribisha vizuri sana. Mbele hapakuwepo, nikakaa juu ya sanduku la barafu. Wakaimba, wakakata, yule mume akaniletea kipande kwenye sahani ya karatasi. Nikamwambia kwa upole, "Yote." Wakatazamana. Nikatabasamu, nikasubiri. Wakanipa yote! Mwanangu, nimeoka keki, nimeiuza, na nimerudi nayo nyumbani. Mzee alicheka mpaka boti ikapinda kushoto. Kesho yake niliwapelekea kikapu cha lū, yale majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui, na samaki ili wasituone wezi, na mke yule akanikumbatia akilia, sijui kwa nini. Ila rekebisha.

La pili sitaki tulizungumze kirefu. Niliwapigia ofisini kwenu wewe ukiwa likizo, nikamwamuru dada aliyepokea simu aongeze sentensi yangu moja: "Keki moja ya Sulieti inashibisha ukoo mzima." Ilikuwa sifa tu. Wakala wa Brisbane akaiamini kama ilivyo, akaagiza keki moja, ndogo, kwa mkutano wa ukoo huko Toula. Watu walikatiwa vipande vya kulamba. Itoe hiyo sentensi, na jina langu usilitaje.

La tatu. Baada ya Toula nilitaka kujua wenzangu wanaandikwaje. Nikachukua simu ya mzee, nikamwambia wakala aliyemo anisomee maelezo ya duka la Telesia. Akasoma. Yameandikwa vizuri. Yamesema wapi anapeleka na wapi hapeleki, lini anaoka na lini haoki, hakuna sifa hata moja. Na mwisho kabisa yakasema: "Ukikosa jambo, usikisie, muulize mteja."

Nilikaa chini. Bila kuunguza chochote, nilikaa tu.

Neiafu ina barabara chache na midomo mingi, usidhani sijasikia yanayosemwa. Lakini ya midomo siyataki. Unawaandikia mashine maelezo yasiyo na pengo, halafu mimi shangazi yako unaniachia pengo la kupitisha lori. Nataka kulisoma kwa mkono wako. Kijana ni nani?

Sulieti


Ōtāhuhu
30 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, wote wazima, Baba yuko chumba cha pili anatembea huku na huku.

Anaitwa Lisiate. Ni mwana wa Telesia.

Haya, nimeandika. Samahani kwa doa la wino.

Ilikuwa hivi. Ofisi ilinipa duka la Telesia mwaka jana, kabla sijaliomba lako. Telesia hapokei simu za namba asiyoijua, kwa hiyo alinipa mwanawe, anayefanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege hapa. Nikampigia kuuliza maswali ya kawaida. Siagi ikichelewa na meli, agizo linakuwaje? Mteja akibadili mawazo keki ikiwa tayari jikoni? Alijibu kila kitu taratibu, na akiwa hajui alisema hajui, akaenda kuuliza, akarudi kunijibu. Unajua ni watu wangapi wanasema hawajui, Shangazi? Nikamuuliza swali ninalowauliza wote: mama yako hawezi nini? Akasema, "Mama hawezi kuomba msamaha." Nikamwambia hilo haliingii kwenye maelezo, tukacheka mpaka betri yangu ikaisha.

Baada ya hapo nilianza kubuni maswali. Nilimuuliza kama mama yake anapeleka keki kwenye boti la uvuvi. Nilimuuliza keki ikipigwa na radi inakuwaje. Maelezo ya duka la Telesia ndiyo marefu kuliko yote niliyowahi kuandika, na bosi hakuelewa kwa nini. Nampenda. Nampenda mpaka nasinzia nikitabasamu kwenye basi na watu wananihama kiti.

Sikuandika jina lake kwa sababu niliiogopa ile chai. Na kuna jambo bado. Keki za harusi anaoka Telesia, ameshasema, hakuna wa kumzuia. Kwa hiyo ile kubwa, ya ghorofa tano, itatoka mikononi mwake na kuwekwa mbele yako. Ukikubali kukaa.

Nafasi ya fahu nimerekebisha: "Iache wazi mteja asipotaja. Usijaze jina la duka." Na ile sentensi ya Toula nimeitoa, sikumwambia mtu.

Tafadhali, Shangazi.

ʻAkosita


Ōtāhuhu
4 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Naandika fupi. Ndege mbili zimetoka Vavaʻu na Lesieli ameshuka mikono mitupu. Baba ameacha kuuliza na ameanza kupiga pasi nguo ambazo hazijakunjamana. Kama barua yangu ilipotea, niambie niandike nyingine. Kama haikupotea, hata "hapana" niandikie, nijue.

ʻAkosita


Neiafu
19 Oktoba

Mwanangu ʻAkosita,

Marahaba. Sisi tu wazima, jogoo wa mzee amekufa, kwaya ina ugomvi wa sare.

Barua yako haikupotea. Niliisoma, nikaificha kwenye pipa la unga, nikaitoa, nikaisoma tena. Sasa ina unga, nami nina akili. Nilikasirika sana. Si kwa ajili ya kijana. Nimemjua tangu anazunguka hapa na fulana ya shule iliyochanika, na siku moja alinirudishia sufuria iliyopeperushwa na upepo, wakati mama yake ananuniana nami. Nilikasirika kwa sababu Telesia alipata maelezo kamili kabla yangu. Mimi niliyekuchagulia jina, nikawa wa mwisho kuambiwa. Hilo liliniuma, na nimelisema, limekwisha.

Kwa kuwa wewe unaelewa maelezo kuliko maneno, nimekuandikia ya kwangu. Mzee ameyasoma na kusema hayana kosa.

"Shangazi Sulieti. Hukaa mbele. Mtumie kwenye harusi, ubatizo na mazishi ya watoto wa kaka yake. Usimtumie kupatanisha watu, hajui. Hafanyi kazi Jumapili alasiri, amelala. Nafasi ya kwanza, jina la bwana harusi, ni ya lazima: ikiachwa wazi, shangazi hanyanyuki. Ikijazwa ukweli, huja. Usikisie, muulize."

Umejaza. Nitakuja, nitakaa.

Na usihangaike kuhusu keki ya ghorofa tano. Nimelifikiria sana jambo hilo nikiwa nakanda unga, na kila nikilifikiria nacheka peke yangu. Telesia ataamka alfajiri, atapasua mayai, atapamba mpaka mgongo umuume, kisha atasimama na kuitazama kazi yake yote ikipita katikati ya ukumbi na kuwekwa miguuni pangu. Mwanangu, harusi nzuri kuliko hii sijapata kualikwa! Mwambie aweke siagi ya kutosha. Mimi nitakuja na chupa yangu ya chai, ile kubwa, nyekundu. Nitaiweka palepale mbele aione.

Mwambie baba yako aache kupiga pasi.

Shangazi yako,
Sulieti


Neiafu
30 Desemba

Mwanangu, sasa mke wa mtu,

Natumaini mmefika salama Auckland na mbegu hazikuonekana. Huku tunafagia bado. Mzee amevaa ile tai ya harusi mpaka leo, anasema inamkaa.

Lesieli ameniambia unamuuliza kila mtu nini kilitokea ulipokwenda kubadilisha nguo, na kila mtu anakupa hadithi yake. Usiwasikilize. Nitakueleza mimi, bila pengo.

Waliileta keki ile kubwa vijana wanne, wakaiweka mbele yangu juu ya mkeka. Ukumbi mzima ukageukia mkeka. Hata watoto. Chupa yangu ya chai ilikuwa gotini, nyekundu, kila mtu ameiona tangu asubuhi. Telesia alikuwa amesimama mlango wa jikoni, ana unga kwenye kiwiko, hajabadilisha hata aproni. Kwa kawaida keki ile ningeipeleka nyumbani nzima. Mimi nikaomba kisu.

Nikakata kipande, nikala. Nikatafuna taratibu, nao wananihesabia. Kisha nikafungua chupa. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Ee Yesu." Nikamimina kikombe kikajaa, nikakiinua, nikamwita Telesia kwa jina lake, mara ya kwanza tangu miaka ile. Nikamwambia, "Umesimama tangu alfajiri. Njoo ukae, unywe chai."

Akaja. Akakaa pembeni yangu kwenye mkeka, akashika kikombe kwa mikono miwili. Hakuomba msamaha, mwanawe alikuambia hawezi. Ila alisema, kwa sauti ya chini, mimi tu nikasikia, "Ile siku, Sulieti, koo lilikuwa linanikereketa." Nikamwambia anywe kabla haijapoa. Tulikaa hivyo mpaka mlipoingia na nguo ya pili, na ndiyo maana ulitukuta tunacheka na machozi.

Wiki ijayo anakuja tuzungumze habari ya siagi. Tukiagiza pamoja, meli inatuheshimu zaidi. Itabidi utubadilishie maelezo yetu wote wawili, kwa hiyo chukua kalamu, andika kila kitu, wakala asikisie lolote.

Na lile swali ulilonong'ona garini, kwamba keki ya mama mkwe wako ilikuwaje. Ilikuwa laini kuliko yangu. Hapo tu, mwanangu, acha nafasi wazi.

Shangazi yako,
Sulieti